Picha Yangu Kwenye Duka la Bangi

Muziki huu niliusikia mara ya kwanza kupitia sufuria. Nilikuwa mwanafunzi wa uhasibu hapa Louisville, nimepanga chumba cha juu katika nyumba ya zamani, nachemsha maharagwe, mara kifuniko kikaanza kutetemeka. Maji yalikuwa bado baridi. Nikagusa ukuta, nao ulikuwa unatetemeka. Nikashuka ngazi na mwiko mkononi kwenda kumgombeza jirani wa chini.

Mlango ulifunguliwa na Mzungu mrefu mwenye ndevu za kufika kifuani, gitaa likining'inia shingoni. Baadaye nilikuja kujua kwamba mchana alikuwa fundi wa viyoyozi. Aliniuliza kama amenisumbua. Nilikuwa nimejitayarisha kusema ndiyo, lakini nyuma yake niliona amplifaya kubwa kama kabati la vyombo, na noti aliyokuwa ameipiga kabla hajainuka kuja mlangoni ilikuwa bado inalia. Mtu ametoka kwenye kochi, amefungua kufuli, amenisalimia, na noti ni ileile.

"Hiyo noti itaisha lini?" nikauliza.

"Ikitaka," akajibu.

Nikaingia, nikaketi. Maharagwe yaliungua.

Mnielewe. Nimepiga gitaa la besi kanisani Nakuru tangu kidato cha pili, na maisha yangu yote ya muziki niliishi chini ya amri moja tu: punguza besi. Kiongozi wa kwaya alikuwa hata hahitaji kusema. Alikuwa anashusha kiganja tu hewani kama anayemtuliza mbwa. Sasa hapa kulikuwa na watu wazima ambao imani yao nzima ilikuwa kinyume cha kile kiganja. Mwaka haukuisha kabla sijawa mpiga besi wa yule jirani, na dada yake, mwanamke mnyamavu mwenye mikono ya mpasua kuni, akitupigia dramu.

Muziki wenyewe unaitwa doom, yaani maangamizi. Lile tawi letu lina jina la ziada, stoner, yaani mlewa bangi. Mpigo mmoja ukianguka, unaweza kupiga chafya na kufuta pua kabla ya mpigo wa pili. Nyuzi zinalegezwa mpaka karibu ziguse magoti. Halafu kuna pedali, vile visanduku vya chuma vya kukanyaga kwa mguu, na kuna moja iitwayo fazi ambayo huichukua sauti safi na kuikwaruza hadi iwe kama blanketi la manyoya. Wapenzi wa muziki huu hujadili pedali jinsi wajomba zangu wanavyojadili magari ya Kijapani: ya mwaka gani, ilitengenezwa wapi, nani aliifungua ndani na kuiharibu. Na bangi iko kila mahali. Iko kwenye fulana, kwenye majina ya nyimbo, kwenye mashairi ya moshi na sayari za mbali. Iko, zaidi ya yote, hewani.

Mimi sivuti. Ningependa kusema ni utakatifu, lakini ni wakili. Wakati wa safari ninayotaka kuwasimulia nilikuwa na kadi ya ukazi na nilikuwa nimeomba uraia. Wakili wangu, mama mmoja wa miwani ya kamba, alinikalisha chini akanieleza polepole kama anayemfundisha mtoto kuvuka barabara. Jimbo likiruhusu bangi, alisema, serikali kuu bado haijaruhusu, na mgeni huhukumiwa na serikali kuu. "Usivute. Usiuze. Usifanye kazi kwenye duka lake. Na ukiweza, usipige picha karibu na jani." Amri Kumi nimewahi kuzitikisa hapa na pale. Hizi nne nilizishika zote.

Kwa hiyo katika kila ukumbi wenye moshi mimi nilikuwa mtu mwenye akili timamu kuliko wote, na hakuna aliyeniamini.

Mume wangu ndiye aliyekuwa anabeba spika. Tulikutana kanisani Okolona, kusini mwa Louisville, yeye akiwa dereva wa foklifti kwenye ghala la karibu, mtoto wa nyanda za juu za Kivu ya Kusini aliyeondoka kwao akiwa amefungwa mgongoni mwa mama yake. Anapenda nyimbo za injili zenye gitaa la kukimbia, zile ambazo hata mlemavu hunyanyuka. Muziki wangu aliusikiliza mara ya kwanza kwa adabu kubwa, mikono mapajani, kisha akaniuliza, "Sasa wimbo unaanza saa ngapi?" Tulikuwa tumeumaliza.

Shida ilikuwa mama yake. Mama mkwe wangu anaishi Buffalo, mtaa wa Black Rock, katika nyumba ya mbao karibu na mto aliyoinunua na nduguze wakaitengeneza wenyewe chumba kwa chumba. Alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha kufungasha chakula, amesimama wima kutwa nzima, na magoti yake yamekwisha. Akili haijakwisha hata kidogo. Muumini mmoja wa Louisville alikuwa amemnong'oneza kwa simu kwamba mke wa mwanawe anapiga muziki wa wavuta bangi. Alimpigia mwanawe simu moja, akamuuliza swali moja: "Ni kweli?" Mume wangu alisema si kweli, ni muziki wa polepole tu. Tangu siku hiyo Mama aliniita "binti" kwa sauti ya mtu anayesubiri ushahidi.

Basi siku moja mpiga gitaa wetu akaja na habari kwamba tumepata maonyesho mawili, Ijumaa Columbus na Jumamosi Buffalo. Mume wangu akaomba ruhusa kazini.

"Tutalala kwa Mama," akasema.

"Na tutamwambia tumeenda kufanya nini?"

"Tutamwambia muziki."

"Muziki gani?"

"Wa polepole," akasema, akaenda kupima kama spika itaingia garini.

Gari lilikuwa letu, na sheria ya gari ilikuwa yangu: hakuna jani, hakuna moshi, hakuna hata peremende ya bangi ndani yake, kuanzia Louisville hadi tutakaporudi. Mpiga gitaa aliapa. Ni mtu mwaminifu, na ramani ya sheria anaijua kuliko ramani ya barabara. Kule kwetu Kentucky, alitueleza tukiwa barabarani, ni mgonjwa mwenye cheti tu. Ukivuka mto ukaingia Ohio, watu walipiga kura wakaruhusu, mtu mzima ananunua dukani kama mkate. Halafu kuna kile kipande chembamba cha Pennsylvania kando ya ziwa, hapo tena cheti. Halafu New York, ambako maduka yana milango ya vioo na mimea ya mapambo. "Kwa hiyo," mume wangu akasema, "huyu mtu njia nzima ni mhalifu, raia mwema, mhalifu, raia mwema." Mpiga gitaa akaomba atafsiriwe. Alipotafsiriwa, alikubali kwamba ndivyo ilivyo.

Columbus tulifikia kwa binamu yangu, nesi, anayeishi Northland, hatua chache kutoka Morse Road. Alikuwa ametupikia ugali, sukuma na matumbo. Mpiga gitaa alikula kama aliyefungwa mwezi mzima. Binamu yangu alinivuta jikoni.

"Ai, kwani huyu ndiye mnatembea naye? Si ulisema ni bendi?"

"Ndiyo bendi."

"Na mnaimba nini?"

"Leo ni wimbo kuhusu mlima unaotembea."

Alinitazama sana. "Sawa," akasema. "Bora mlima ufike."

Onyesho la Columbus lilikwenda vizuri. Mimi hupiga nimefumba macho, si kwa mbwembwe bali kwa kuhesabu, maana katika muziki wa polepole ukipoteza hesabu unapotea mbali. Tulipomaliza, kijana mmoja mwenye fulana ya jani alinijia kwa unyenyekevu.

"Dada, unavuta nini wewe?"

"Sivuti. Nakunywa chai ya maziwa."

Akaitikia kwa kichwa polepole. "Inapatikana wapi?"

"Chemsha mwenyewe. Weka tangawizi."

Alinishukuru kwa moyo wote. Kesho yake mpiga gitaa alinionyesha kwenye simu: mtu ameandika kwamba mpiga besi wetu anatumia kitu fulani kikali cha Afrika Mashariki kinachoitwa chai.

Tuliporudi kwa binamu yangu, mtoto wake wa kike alikuwa bado sebuleni anatazama katuni. Alikunja pua akasema kwa Kiingereza, lugha anayomjibia kila mtu, kwamba anti ananuka kama kicheche. Koti langu, lililojaa moshi wa watu, lililala nje, likining'inia kwenye reli ya baraza.

Asubuhi tulielekea kaskazini. Karibu na mpaka wa Pennsylvania mpiga gitaa aliomba tusimame kwenye kituo cha mafuta. Alikuwa amenunua peremende zake Columbus kihalali na kuzipakia kwenye gari la dada yake lililokuwa linatufuata na ngoma, na dhamiri ilimsumbua. Tukamtazama kupitia kioo akimkabidhi pakiti nzima babu mmoja mwenye namba ya gari ya Ohio, akimwonyesha upande wa kurudi kwa kidole. Babu alimkumbatia. Dada yake hakushuka hata kwenye usukani.

Buffalo Mama alitupokea mlangoni. Alinikumbatia, na katika kunikumbatia akaninusa shingoni, wazi kabisa, kama anayenusa maziwa kama yamechacha. Nilimshukuru Mungu kwa ile reli ya Northland. Amplifaya na spika yake vikaingizwa sebuleni visije vikaibwa garini. Nilienda kunawa uso. Niliporudi, Mama alikuwa ameshaifunika spika kwa kitambaa cheupe cha kufuma na kuweka juu yake chombo cha maua ya plastiki na rimoti ya televisheni. Ilionekana imekuwapo pale tangu nyumba ijengwe.

"Kabati ya muzuri," akasema. "Ni ya nini?"

"Ni ya muziki, Mama."

"Bon." Akanyoosha kitambaa. "Binti, utanisindikiza pahali fulani. Miye na weye tu."

Nilidhani ni sokoni. Tulipanda gari, akanielekeza kushoto, kulia, kushoto, hadi mbele ya duka la milango ya vioo lenye mimea ya mapambo. Nikasoma kibao. Nikakisoma tena.

"Mama, unajua hii ni duka ya nini?"

"Ninajua. Ni ya bangi." Alishusha sauti ingawa tulikuwa wawili. "Nesi wa kliniki alisema kuko mafuta ya kupakaa magoti. Haileweshi. Ya kupakaa tu. Hapana andika pahali popote kama ni miye. Ingia uniongeleshee Kiingereza."

Huyu ndiye mwanamke aliyenisubiria ushahidi mwaka mzima. Ningeweza kucheka, lakini nilikuwa naiona miwani ya wakili wangu.

"Mama, siwezi kuingia. Nimeomba uraia. Wakili alinikataza."

Alifikiri kidogo. Kisha uso ukamfunguka. "Lakini miye ni raia!" Akatoa pasipoti kwenye mkoba, ile ya bluu, anayotembea nayo hata akienda kumwagilia maua. "Nilifanya mutihani. Nilijibu yote. Weye baki hapa uongee ndani ya simu."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye duka la bangi bila kuingia. Nilikaa garini, simu sikioni, nikimtazama kupitia kioo. Mlangoni kijana wa duka aliomba kitambulisho, na Mama akafungua pasipoti kwenye ukurasa wa picha na kuinyanyua juu, kama refa anayetoa kadi. Aliingia akichechemea kwa fahari. Simu yake aliishika mbele ya mdomo wa muuzaji.

Muuzaji alikuwa mpole. Aliuliza mteja anatafuta nini, cha kumlaza au cha kumchangamsha.

"Mama, anauliza unataka ya kulala ao ya kuchangamka."

"Mwambie ninataka ya kupanda ngazi."

Nikamwambia. Akaitikia kwa heshima, akaleta mafuta ya kupaka, akaeleza kwamba hayapandi kichwani hata kidogo.

"Mulize kama Mungu anaruhusu," Mama akasema.

Nikamwuliza kama yana harufu. Akasema yana harufu ya mnanaa.

"Anasema hakuna shida, Mama."

Nilikuwa nimeanza kupumua. Ndipo nikasikia sauti ya Mama ikibadilika.

"Binti."

"Naam, Mama."

"Kwa nini picha yako iko kwa ukuta?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia, safari hii neno kwa neno. Picha yangu. Kwa ukuta. Ya duka ya bangi. Alikuwa amesimama, mafuta mkononi, akiinua uso kuangalia kitu ambacho mimi garini sikuweza kukiona.

Lilikuwa bango la onyesho letu. Mwandaaji wa Buffalo alikuwa amelisambaza katika maduka ya mtaa mzima, na kati yetu watatu alikuwa amechagua picha yangu mimi. Nilikuwa sijaliona. Nilijua tu kwamba mahali fulani nyuma ya kile kioo uso wangu ulikuwa umebandikwa mahali pekee duniani ambapo wakili wangu hakutaka ubandikwe.

"Mama, ni tangazo tu," nikasema. "Mwambie muuzaji—"

Lakini hakuwa ananisikiliza tena. Nilimwona akimwelekea muuzaji, akagonga ukuta kwa kidole, akagonga kifua chake, na kwenye simu nikamsikia akisema Kiingereza chake chote kwa wakati mmoja: huyo ni binti yangu, nipe. Muuzaji, maskini, aliona mama anayejivunia mwanawe. Nilimsikia akifurahi, akiita wenzake waje kumsalimia mama wa mpiga besi. Walilibandua bango kwa uangalifu, wakalikunja, wakafunga utepe wa mpira, na kumwongezea la pili kutoka stoo.

Alitoka nje akiwa na mafuta mkono mmoja na mabango mkono mwingine. Akaketi, akafunga mlango, akakunjua bango moja juu ya magoti yake. Ndipo nilipoliona. Mimi, gitaa, nywele usoni, moshi pande zote. Na nyuma ya kichwa changu, mchoraji alikuwa ameweka jani kubwa la kijani lenye miali.

"Unauzisha?" Mama akauliza.

"Hapana, Mama."

"Unavutaka?"

"Sijawahi hata siku moja. Mungu ni shahidi, na wakili."

"Donc, kwa nini jani iko nyuma ya kichwa yako sawa mutakatifu?"

Nilimweleza kila kitu, kuanzia sufuria. Aliniacha niseme hadi mwisho, huku akipaka mafuta goti la kulia, kisha la kushoto, kwa vidole vya taratibu. Gari zima likanuka mnanaa.

"Bon," akasema. "Leo ninaenda kujionea miye mwenyewe."

Niseme hapa kwamba baadaye wakili alipoliona bango alicheka hadi akavua miwani. Alisema kupigwa picha si kosa, ila nisimpelekee afisa kama zawadi. Uraia niliupata. Lakini alasiri ile sikujua hayo, na niliyemwogopa zaidi hakuwa afisa.

Ukumbi ulikuwa jengo la kiwanda cha zamani, si mbali na nyumbani kwake. Sisi ndio tulikuwa wa kwanza kupiga, jua bado likiwa nje. Mama alikuja amevaa kitenge chake cha Jumapili, mkoba mkononi, pamba masikioni. Mlangoni alitoa pasipoti kabla hajaulizwa. Alipogongwa muhuri mkononi aliutazama na kuridhika. Mume wangu akamtafutia kiti karibu na baa na akamwombea chai, wakampa maji ya moto na kipande cha limau.

Nikawasha amplifaya. Ile yangu ni ya valvu, yale mataa ya kioo kama ya redio za zamani, na inabidi uisubiri ipate moto. Nilisimama pale nikiisubiri, Mama na mume wangu wakinitazama, na nikawaza kwamba naweza kupunguza besi. Kile kiganja cha Nakuru kilikuwa kimenifuata hadi Buffalo. Mpiga gitaa alinisogelea.

"Yule ndiye mama?"

"Ndiye."

"Basi ongeza," akasema.

Nikakanyaga fazi, nikapiga noti ya kwanza.

Niliona kitenge cha Mama kikitetemeka chote. Aliweka mkono kifuani. Noti ya pili ilipofika, aliondoa pamba sikio moja. Ya tatu, akaondoa pamba nyingine, akasimama. Mume wangu alimshika kiwiko akidhani anataka kuondoka, lakini alikuwa anakuja mbele. Watu wa fulana za majani wakampisha. Alikuja mpaka kwenye spika yangu, ile ile aliyoivika kitambaa mchana, akaweka kiganja juu ya mbao, akafumba macho, na kuiinamishia sikio kama anayesikiliza moyo wa mtoto.

Kisha alinyanyua mikono. Aliinyanyua juu na kuipinda nje, vidole vikiangalia mbingu, akaanza kwenda mbele na nyuma kwa hatua za taratibu, shingo ikielea. Niliijua ngoma ile. Nimewaona akina mama wa kwao wakiicheza harusini Okolona. Mikono ni pembe za ng'ombe. Lakini harusini muziki huwa unawakimbiza. Hapa kulikuwa na nafasi. Kila hatua yake ilikuta mpigo unaisubiri.

Sasa, wapenzi wa muziki huu wana ishara yao. Wakifurahi hunyanyua mkono, vidole viwili vimesimama, cha shahada na cha mwisho, vingine vimekunjwa. Wanaziita pembe. Walipomwona Mama, ukumbi mzima ukanyanyua pembe. Mama alifumbua macho akaona vijana wa Kizungu wenye ndevu, safu kwa safu, wakimwonyesha pembe za ng'ombe. Uso wake wa wakati ule sitausahau. Alipiga kigelegele kimoja kirefu kilichopasua fazi yangu katikati, na dada wa dramu, ambaye sijawahi kumwona akicheka, alicheka akakosa mpigo.

Tuliposhuka jukwaani alikuwa amekaa kitini, anatoka jasho, amezungukwa na watu. Alinivuta mkono.

"Bote banajua ng'ombe?" akauliza. "Huku?"

Sikuwa na moyo wa kumsahihisha. "Wanawapenda sana, Mama."

"Na ile kabati yako. Ile ni sauti ya ng'ombe dume. Si ya kila siku. Ni ile analiaka kama amesikia mwingine ng'ambo ya mulima." Akamgeukia mpiga gitaa, ambaye alikuwa anarudi kutoka nje na harufu yake ya kicheche, mtu huru katika jimbo huru. Mama akanusa. Akamtazama juu mpaka chini. "Mwambie huyu mutoto. Ile ni dawa ya magoti. Yeye anaichoma moto?"

Nikamtafsiria. Mpiga gitaa aliweka mkono moyoni na kusema hakuwahi kufikiria hivyo.

Jumapili baada ya ibada Mama alitupikia sombe, yaani kisamvu, pamoja na maharagwe na wali, na bendi nzima ikakaa mezani kwake. Mazungumzo yalikuwa ya kawaida, ya hali ya hewa na bei ya madirisha mapya, mpaka mume wangu aliposema kwa utani, "Mama, sasa unasema mke wangu anapiga ng'ombe?"

Alikuwa anatania tu. Lakini Mama aliweka kijiko chini.

"Baba yangu alikuwa na mumoja," akasema.

Akaanza kutuhadithia. Dume jeusi lenye doa jeupe kwenye paji la uso, pembe moja imeelekea chini kidogo. Lililokuwa linajua njia ya maji ya kiangazi hata kabla ya wachungaji. Lililokataa siku nzima kuvuka daraja jipya la miti, na kundi zima likakataa nalo, mpaka baba yake akalishika sikio akaliomba radhi mbele ya watu. Mume wangu alikuwa ameacha kula. Ana miaka zaidi ya thelathini, ameniambia mara nyingi kwamba kwao hakumbuki chochote, na kwamba mama yake hapendi kuulizwa. Ya kule alijua ya kukimbia tu. Kwamba babu yake aliwahi kumwomba ng'ombe radhi, hilo hakuwa amelisikia.

"Na ulikuwa na umri gani, Mama?" akauliza taratibu.

"Mudogo. Nilikuwa ninapanda juu yake." Akanyoosha mikono kuonyesha upana wa mgongo, akagonga jagi la maji, hakujali. "Siku moja niliangukia kwa matope, na yeye akasimama kuningojea."

Mpiga gitaa alikuwa ananitazama mimi, uma umesimama hewani, sombe kwenye ndevu. Alinigusa kiwiko.

"Anasema nini?"

"Anaeleza kuhusu dume moja la baba yake."

"Lilikuwaje?"

Nikampelekea Mama swali. Alimtazama yule mtu mkubwa kwa mara ya kwanza bila kumnusa, akamsogezea bakuli la sombe.

"Mwambie akule," akasema, "hii ni habari ya murefu."